Miguu ya mjomba

Igogo, Mwanza

Shoga yangu Mwajuma,

Uliniuliza juzi mtandao ukakatika: mjomba alikuwa analalamika miguu, imekuwaje tumpeleke Bugando kwa madaktari wa saratani? Kwa simu nisingemaliza, ndiyo maana nakuandikia.

Ilianza wakati wa masika. Mtu wa kuvuta nyavu za dagaa usiku kucha akawa hawezi kunyanyuka kwenye kigoda. Anajisukuma, anarudi chini. Ila akishajaribu mara tatu nne, miguu inaamka, anatembea kidogo, kisha inachoka tena. Giza mbili, zile siku zisizo na mwezi za kuvulia dagaa, zikapita hajaingia ziwani. Wenzake wakasema anatega. Zahanati moja ikampa vitamini na dawa za maumivu, miezi ikapita hivyo hivyo.

Daktari wa mishipa ya fahamu alimgonga goti kwa kinyundo: kimya. Akamwambia akaze mguu kwa nguvu mpaka ahesabu kumi, akagonga tena. Mguu ukaruka! Mimi nikacheka. Yeye akauliza, "Mzee, kinywa kinakukauka? Na sigara umevuta miaka mingapi?"

Ugonjwa unaitwa Lambert-Eaton, kwa majina ya madaktari walioueleza Marekani mwaka 1956. Kama nusu ya wanaoupata wana saratani, mara nyingi ile ya mapafu ya seli ndogo, ugonjwa wa wavutaji. Seli za uvimbe zina vilango vya kupitishia kalsiamu, madini yanayoiwezesha neva kupeleka amri kwenye msuli, kama vilivyo kwenye ncha za neva. Kingamwili, wale askari wa mwili, zinatoka kupambana na uvimbe, zinapiga na vilango vya neva. Basi amri ya kutembea inafika kwenye msuli kwa sauti ya chini; ukiirudia upesi upesi kalsiamu inajikusanya, msuli unasikia. Ndiyo maana goti liliruka.

Picha ya kifua ikauonyesha uvimbe. Kikohozi hata hakuwa nacho! Miguu ndiyo iliyouchongea.

Sasa yuko dripu ya tatu ya tibakemia, dawa za kuua saratani. Wanasema uvimbe ukinywea, na miguu huwa inapata nafuu. Jana alinyanyuka mwenyewe, akanitazama kama mtoto aliyeiba sukari.

Unakumbuka alivyokuwa akitutuma dukani, sigara mbilimbili? Mimi nakumbuka kila siku.

Ukija Desemba mletee machungwa ya Muheza. Kinywa bado kikavu, anafyonza kutwa.

Wako,
Neema