Barua kwa mwanangu anayerudi Lisbon

Assalaam alaykum mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unatoka Hamburg kurudi Lisbon, na papo hapo waniambia kuna mgomo na huenda ndege ikafutwa, kisha ukaweka kile kikaragosi cha kucheka. Mimi sikucheka. Tangu jana nakunja leso za watu na moyo wangu uko kwako.

Beba pesa mkononi. Si kadi, si simu: noti za euro, za tano na za kumi. Yale ya Aprili 28, 2025 siyarudii, uliyaona wewe. Lakini hebu fikiri, stima ilikatika Ureno na Uhispania saa tano na nusu asubuhi kwa saa za Lisbon, treni za chini ya ardhi zikasimama, mashine za kadi zikafa, na mtu mwenye maelfu benki akashindwa kununua chupa ya maji. Mwenye noti alikunywa. Na aliyekwambia uziache noti kwa ajili ya wezi wa tramu ya 28, ile treni ndogo ya barabarani Lisbon, namjua ni nani. Basi leo nasema hivi: zigawe, nusu ndani ya nguo, nusu kwenye mkoba, na ukiwa ndani ya tramu hiyo mkoba ukae kifuani.

Kakako amenisomea sheria ya Ulaya, kanuni ya 261 ya mwaka 2004. Ndege ikifutwa, wewe ndiwe mwenye kuchagua: urudishiwe nauli au upelekwe kwa njia nyingine. Ukingoja kupelekwa wakulishe, ukilala wakulipie hoteli. Hamburg hadi Lisbon ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hivyo wakifuta bila kukuarifu siku 14 kabla, waweza kudai euro 400, isipokuwa jambo lenyewe liko nje ya uwezo wao. Na wanaogoma wakiwa wafanyakazi wa shirika lenyewe, mahakama ya Ulaya iliamua 2021 kwamba huo si udhuru. Mara ile ya Aprili ulinyamaza, risiti ukazitupa. Msichana mwenye digrii! Safari hii weka kila risiti, hata ya chai. Na hiyo chai utainunua kwa nini, mashine zikifa? Noti.

Sikuzuii kwenda. Nimemwambia shangazi yako kwamba mwanangu atasimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama, pale kwenye monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém, na machozi yalinitoka nikisema. Sisi tuliozaliwa chini ya kuta za Fort Jesus, walizoanza kuzijenga Wareno 1593, tuna haki ya kulitazama kaburi lile kwa macho makavu. Alifika Mombasa 1498. Na wewe umefika kwao, kwa masomo yako. Kuingia kanisani ni bure, tiketi ni ya ule ua wa watawa wenye matao. Nenda na Carmo, ukaone kanisa lisilo na paa tangu tetemeko la Novemba 1, 1755. Mtaa wa Alfama uupande kwa miguu. Jina lile ni la Kiarabu, la chemchemi za maji moto, ndugu ya hamamu yetu.

Ijumaa kuna msikiti mkuu, karibu na Praça de Espanha. Andika hilo kwenye karatasi, na anwani ya unapolala, na namba yangu. Karatasi haiishi chaji. Usiku ule wa stima kukatika, nilipokupata nilikufokea kabla sijauliza kama umekula. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi tangu alasiri.

Ukikwama uwanjani usitoke kwenda kulala kwa mtu uliyemjua siku hiyo. Kaa penye watu.

Hapa twashukuru. Tangi la juu limepasuka, fundi amekuja mara mbili na bado linavuja upande wa jikoni, na tokeni za stima siku hizi haziniishi wiki. Baba yako dawa ya presha anameza nikimsimamia tu. Chumba chako amelala binamu yako, usikasirike, ni mpaka mitihani iishe.

Niandikie umebeba kiasi gani. Euro sitini zisipungue.

Na ufunguo wa kabati lako la chini uliuweka wapi? Mashuka ya wageni yamo humo, na arusi ni Jumamosi.

Mamako