Justinian Tamusuza anastahili kusikika Nairobi

Mhariri,

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa fidla aliniuliza kama kuna mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyetunga muziki wa fidla mbili, viola na chelo, yaani aina ile ya utunzi ambayo Haydn na Beethoven waliifanya kuwa kipimo cha fundi. Nilimtajia Justinian Tamusuza wa Uganda, naye akakiri kwamba hakuwa amepata kulisikia jina hilo. Simlaumu, kwa kuwa sisi walimu wake ndio tuliokuwa wazito wa kulitamka.

Tamusuza alizaliwa mwaka wa 1951, akafunzwa na mtunzi Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, huko Belfast, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na akafundisha Makerere. Mwaka wa 1988 alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, jina la Kiganda ambalo msomaji wa Kiswahili karibu halitafutii mkalimani: Katika Njia ya Msalaba. Kronos Quartet, kundi la Marekani la ala hizo nne, liliitia kazi hiyo katika santuri yake ya mwaka wa 1992, Pieces of Africa, ambayo Wamarekani waliinunua kwa wingi.

Aliyewahi kuketi karibu na amadinda, marimba ya Baganda yenye vibao 12, atauelewa upesi mtindo wa mtunzi huyu. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akiangusha mapigo yake katika nafasi anazoachiwa na mwenzake, kwa kasi ambayo haimruhusu msikilizaji kuwatenganisha. Wala hakuna kati yao anayepiga wimbo mzima, bali wimbo huzaliwa pale mikono yao inapopishana, na sikio huokota humo sauti ambazo hakuna aliyekusudia kuzipiga peke yake. Tamusuza aliuhamishia ufundi huo kwenye nyuzi za Ulaya. Badala ya kutegemea upinde pekee, wapigaji hudonoa nyuzi kwa vidole, na nota zao hupokezana hata ala nne zikawa kama chombo kimoja cha mbao. Kwangu mimi huu si urembo wa Kiafrika uliobandikwa juu ya mwili wa kigeni, kwa maana mifupa yenyewe ya utunzi ni ya Buganda.

Ndiyo maana nasikitika kwamba katika mashindano yetu ya shule nyimbo za kiasili hupewa kundi lake na vipande vya Ulaya kundi lake, mtoto akakua akidhani kwamba hizo ni nyumba mbili zisizo na mlango kati yake. Nawaomba wanaoandaa tamasha za muziki wa klasiki jijini, pamoja na walimu wenzangu katika chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire of Music, waitafute kazi hii na kuipa nafasi jukwaani. Nakuomba nawe, Mhariri, ukurasa wako wa sanaa umweleze mtunzi huyu kwa kina kuliko barua fupi inavyoweza.

Mwanafunzi wangu amekwisha kuisikiliza rekodi hiyo mara nyingi. Juma lililopita nilimkuta kabla ya kipindi akigonga dawati kwa penseli mbili, huku akimsihi mwenzake aingize mapigo yake katikati ya yale yake.

Mwalimu wa muziki,
Buruburu, Nairobi