Tiyo kwanza, moto baadaye

Bwana mhariri,

Salamu kutoka Himbi. Mimi ni masoni, kazi yangu ni ukuta na plasta, siyo kuandika kwa magazeti, lakini mwaka huu nimeshakuta nyumba tatu za upande wa ziwa ambazo wenyewe wanataka ile shimini ya gazi, moto wa kupasha nyumba joto, ndani ya salo (sebule), ile yenye kioo mbele na magogo ya bandia, na ninawaelewa, Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, mvua ikipiga usiku baridi inaingia mpaka kwa mifupa, na bei ya makaa sote tunaijua. Kinachonisumbua ni kwamba mtu ananunua moto kwanza, halafu nyumba ikishaisha, plasta, rangi, plafo (dari), kila kitu, ndiyo anakumbuka kuniuliza hewa yake iliyoungua itatokea wapi, yaani tiyo (bomba) itapita wapi.

Mmoja wa wenye nyumba hizo, papa (mzee) wa heshima zake, hata hakuuliza. Mimi ndiye niliuliza, akanijibu: "Fundi, gazi haina moshi. Tena nimeshaacha tundu pale chini ya ukuta, kama ni mazuku itatoka."

Sasa hapo ndipo sisi watu wa Goma tunajidanganya. Mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, tunaijua tangu utoto, kule Bulengo na Lac Vert inalala kwa mashimo na mbuzi akishuka hapandi tena, sababu kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, basi kichwani mwetu gazi yote inashuka. Na ya chupa ikivuja inashuka kweli, propani na butani zote nzito, lile tundu la chini asilizibe. Lakini ikishawaka si ile tena, imekuwa hewa ya moto, inapanda, inajaa chini ya plafo halafu inarudi polepole kwa pua za watu.

Tukawasha kujaribu, jioni, madirisha yamefungwa. Nusu saa haijaisha nikaona vioo vinatoka jasho, tone moja likashuka, likafuatwa na lingine, likachora mstari kwa rangi mpya ambayo nilikuwa nimelipwa nusu tu (hiyo ni hadithi nyingine). Papa akasema ni unyevu wa ziwa. Si ziwa. Gazi ikiungua inazaa maji, chupa ya kilo 12 ukiimaliza inakupa karibu litre 19, yaani bido ya njano ya kuchotea maji karibu ijae, pamoja na kilo 36 hivi za kaboni dioksidi, na bila tiyo vyote hivyo unavimwaga ndani ya salo yako mwenyewe.

Na hewa ikipungua pale motoni ndiyo inakuja mbaya zaidi, kaboni monoksidi. Hii haina harufu, ile harufu ya chupa inawekwa kiwandani ili ujue inavuja, ikishaungua imeisha. Haishuki kama mazuku, uzito wake unakaribia wa hewa kwa hiyo inaenea chumba kizima, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, unataka kutapika, na hapa kwetu mtu akisema hivyo tunamwambia malaria. Mama mkwe wa yule papa alikuwa amesinzia kwa kiti karibu na moto, akaamka anashika kichwa, wakaanza kumtafutia vidonge, mimi nikasema mutoe kwanza mama nje. Akakaa barazani na kitenge mabegani, baada ya muda kichwa kikapoa. Malaria gani inapona kwa baraza?

Na musitegemee macho. Kwa jiko la gazi tunajua bluu ni nzuri na njano ni mbaya, lakini hizi shimini zimetengenezwa ziwake njano, ndiyo urembo wake.

Mwenye anajenga sasa, kabla hata sijapiga plasta, achague ile yenye kioo kilichofungwa kabisa na tiyo mbili moja ndani ya ingine, ya nje inaleta hewa, ya ndani inatoa ile iliyoungua. Inaweza kutokea ukutani, ila si chini ya dirisha la watoto. Kama inapanda juu ya paa, isiguse mbao za plafo, na tiyo iwe ya inox (chuma kisichoshika kutu), musikubali bati, mvua ya Nyiragongo, volkano yetu, iko na asidi na munaona inavyokula mabati yetu. Mumuulize muuzaji pia kama kitundu cha gazi kimepangwa kwa mwinuko huu, sababu huku hewa ni nyepesi, moto uliopimwa kwa watu wa pwani hauungui vizuri. Zile zisizo na tiyo kabisa, Kanada hawakubali ziwekwe ndani ya nyumba, na kule baridi wanaijua kutushinda. Halafu detekta ya monoksidi, kile kifaa kinacholia ikizidi, karibu na vyumba vya kulala, hata kama tiyo iko.

Yule papa amekubali nitoboe ukuta, ila bado tunavutana nani atalipa plasta ya pili. Kwa sasa shimini imefunikwa kitenge, mama mkwe ameweka redio juu yake, na jioni wote wanavaa masweta.

Masoni wa Himbi, Goma