Shukrani kwa kaka fundi wa pikipiki wa Kongowea, Mombasa

Kaka, ulitusaidia kukagua pikipiki iliyotumika kabla hatujainunua; jina lako hatukulichukua, na hela ya soda uliikataa. Ahsante sana.

Mtu aliyeacha kuendesha miaka mingi hukimbilia pikipiki kubwa. Wewe ulisema atosheke kwanza na pikipiki ya injini ya cc 125 au 150, nyepesi, na akiikalia nyayo zote mbili zikanyage chini. Kweli tupu: mwili husahau breki na klachi kabla kichwa hakijakubali, na foleni ya kushuka feri Likoni haimsubiri mtu.

Tunakushukuru zaidi kwa ukaguzi. Uligusa injini kabla ya kuiwasha; ikiwa tayari ina moto, muuzaji huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Ukamulika tochi ndani ya tangi, maana hewa ya chumvi ya pwani hula chuma, na vumbi la kutu huziba kabureta. Ukavuta cheni pale nyuma kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni: ikiachana na meno hadi nusu ya jino ionekane, seti nzima ibadilishwe, si cheni peke yake. Gurudumu la mbele likiwa juu, ukazungusha usukani polepole. Usukani ukikwama katikati, beringi za shingo yake zimekwisha. Moshi wa buluu? Inakula oili, achana nayo.

Na kabla ya pesa kutoka, ukasoma namba ya chesisi na ya injini, tarakimu kwa tarakimu, dhidi ya lokbuku, hati ya umiliki. Wengi huliruka hilo.

Mola akuzidishie riziki, kaka.