Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza: Wapiga Rashasha wa Ndege za Mabomu Wapewe Nishani Yao

Mheshimiwa Waziri,

Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari wapatao 125,000 waliruka na Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Mwaka 2013 serikali yenu iliwatambua kwa kibao kidogo cha chuma, cha kubandikwa kwenye utepe wa nishani nyingine. Naomba wapewe nishani kamili, na nitawatetea kupitia wapiga rashasha.

Walifunzwa kwa kutungua visahani vya udongo, wazoee kulenga mbele ya kinachokimbia, kisha kupiga turubai lililokokotwa na ndege nyingine. Walikariri maumbo ya ndege, za adui na zao. Waliifungua rashasha yao, Browning, na kuiunga upya wakiwa wamefumbwa macho. Wiki chache tu za shule hiyo, mazoezi kidogo na wenzao, kisha vitani.

Mpiga rashasha wa mkiani mwa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, alikuwa na rashasha nne za risasi ndogo, za inchi 0.303, huku ndege za Kijerumani zikija na mizinga ya milimita 20. Kwa hiyo kazi yake hasa ilikuwa kuona. Akiona kivuli humpigia rubani kelele apige mbizi na kugeuka, na wengi waliona heri wasifyatue kabisa, maana cheche zingewafichua. Alikaa hivyo saa nyingi, peke yake, kwenye baridi iliyoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Wapo waliong'oa kioo kilicho mbele yao ili waone vizuri, baridi ikawaingia yote. Parachuti haikuenea kibandani, kile kichumba chembamba chenye rashasha. Ilikaa nyuma yake, nje ya mlango. Tangu 1943 Wajerumani walifunga mizinga iliyoelekea juu, wakaja kwa chini, asikoweza kuona.

Usiku wa kuamkia 13 Juni 1944, Mkanada Andrew Mynarski, wa kibanda cha juu, alipita motoni kumkomboa Pat Brophy aliyenasa mkiani. Alishindwa, akaruka nguo zikiwaka, akafa. Brophy alinusurika ndege ilipoanguka. Na makoloni pia yalitoa vijana: Lincoln Lynch wa Jamaica alitungua Ju 88, ndege ya kivita ya Kijerumani, katika safari yake ya kwanza ya vita.

Najua kuna Hamburg na Dresden, miji ya Ujerumani iliyoteketezwa kwa mabomu ya ndege hizo. Raia walioungua huko siwasahau, wala siombi wasahauliwe. Lakini miji hiyo ilichaguliwa na wakubwa mezani. Mpiga rashasha wa mkiani hata bomu hakuliachia. Alikaa ameipa shabaha mgongo, akiwalinda wenzake sita. Hukumu ya waliochagua asibebeshwe yeye.

Familia zao bado zinaruhusiwa kuomba kile kibao, na kumbukumbu za utumishi zipo. Naomba utaratibu huohuo utumike kutoa nishani, zikiwemo familia za Karibiani na Afrika, na mtangaze huko pia, si London peke yake.

Wako,
Mwalimu wa historia, Mombasa