Tusome nambari ya baiskeli kuukuu kabla ya kuipiga msasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi, wauzaji na wenye baiskeli kuukuu hapa Mombasa, hasa wale walioachiwa na wazee wao baiskeli za mbio, zile nyepesi zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Ombi langu ni kwamba baiskeli isomwe kwanza, ndipo ipigwe msasa na kupakwa rangi. Jina lake na umri wake vimegongwa kwenye chuma, na vikishafutwa havirudi.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi mmoja baiskeli ya marehemu baba yangu, iliyokuwa imewekwa stoo hata ikashikwa na kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Nilimwambia aing'arishe. Nilipoirudia baada ya wiki moja nilikuta inameta kwa rangi nyekundu mpya, lakini nembo ya mbele ilikuwa imebanduliwa, stika zote zilikuwa zimekwenda na msasa, na chini ya fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita, palipokuwa na nambari pamekuwa laini kama kigae. Fundi yule hakunidhulumu, kwa kuwa alifanya nilichomwagiza. Hata hivyo, tangu siku hiyo hakuna awezaye kuniambia baba alikuwa akipanda baiskeli ya aina gani, wala ilitoka kiwandani mwaka gani.

Kwa sababu hiyo, ami yangu alipofariki na kuacha baiskeli yake ya mbio imeninginia ukutani, niliwasihi ndugu zangu wasimkabidhi mtu yeyote kabla sijaitazama. Alikuwa ameshakuja dalali akidai kuwa ni ya enzi za mkoloni, ya mwaka 1950, na kwamba angetupatia mnunuzi. Sisi wenyewe nyumbani tulilelewa tukiambiwa kuwa ami aliinunua mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Si dalali wala sisi aliyekuwa amewahi kuipindua akaangalia.

Niliipindua siku ya Jumapili, kwenye baraza yetu ya Kibokoni, nikaitandikia gunia ili kiti na usukani visichubuke. Chini ya fremu palikuwa na grisi iliyochanganyika na mchanga hadi ikawa ngumu kama lami. Sikutumia msasa wala brashi ya waya. Nilitia mafuta ya taa kidogo, nikangoja, kisha nikasugua polepole kwa mswaki mkuukuu na kitambaa, na kila nilipopangusa ilijitokeza alama nyingine. Herufi ya kwanza ilikuwa W, ikafuatwa na herufi nyingine, kisha tarakimu 4 ikitangulia msururu wa tarakimu zilizobaki. Kwenye bomba la juu, chini ya vumbi, neno International, jina la aina ya baiskeli yenyewe, lilikuwa bado linasomeka nusunusu, na nembo ya Raleigh yenye kichwa cha korongo ilikuwa mahali pake.

Kampuni ya Raleigh ilianzia Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, na ilipofika mwaka 1960 ikawa imekichukua kiwanda cha Carlton kilichokuwa Worksop, ambako fremu zake nyingi nzuri za mbio ziliunganishwa. Katika utaratibu wa nambari ulioanza mwaka 1973, herufi ya kwanza hutaja kiwanda, N ikiwa Nottingham na W ikiwa Worksop, herufi ya pili hutaja mwezi, na tarakimu inayofuata hutaja mwaka. Kwa hiyo ile 4 peke yake yaweza kuwa 1974, lakini pia yaweza kuwa 1984, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuridhika na ushahidi mmoja.

Niliendelea kutafuta. Chombo cha nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia kilikuwa cha Campagnolo, kampuni ya Vicenza nchini Italia, cha aina ya Nuovo Record iliyoanza kuuzwa mwaka 1967. Kwenye mwili wake, ukiufuta vizuri, utasoma neno PATENT na tarakimu mbili za mwaka. Hiki chetu kina 73. Mtu asishangae kuona kipuri kimeitangulia fremu kwa mwaka mmoja, kwani kiwanda hununua vipuri kwa wingi na kuviweka ghalani kabla ya kuvifunga. Kisha nikapima nafasi ya nyuma ambamo ekseli ya gurudumu hukaa, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, nikapata milimita 120. Hicho ndicho kipimo cha baiskeli za friwili (kile kifungu cha gia za gurudumu la nyuma) ya gia tano. Zilipokuja gia sita na saba nafasi hiyo ilipanuliwa hadi milimita 126, na baadaye 130. Fremu ya mbio ya mwaka 1984 ningetarajia iwe na 126. Mwisho nilichomoa nguzo ya kiti, nikaipima kwa kalipa ya jirani yangu aliye mekanika, ikawa milimita 27.2, kipimo kinachoendana na mabomba mepesi ya Reynolds 531, chuma ambacho kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilikileta sokoni mwaka 1935 na ambacho kwa miongo mingi kilitumika katika fremu bora za mbio. Ushahidi wote ulikutana hapo: ni Raleigh International iliyotengenezwa Worksop mwaka 1974.

Ilinibidi niende kumweleza mjane wa ami kwamba baiskeli ile isingeweza kununuliwa mwaka wa uhuru, nami niliogopa kumuudhi, kwa kuwa hadithi ya mzee si kitu cha kuchezewa. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini mwanangu, ile ya uhuru ilikuwa nyeusi, breki zake za vyuma, na aliiuza tulipohamia Majengo. Hii alikuja nayo baadaye sana, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao." Kumbe tulikuwa tumezichanganya baiskeli mbili kwa miaka yote hiyo. Bila zile alama chini ya fremu, asingepata sababu ya kuikumbuka ile nyeusi, nasi tusingejua kwamba iliwahi kuwapo.

Hizo nyeusi nazo, ambazo bado zinabeba maji na mikate katika mitaa yetu, si za kudharauliwa. Ikiwa ni ya Kiingereza na gia zake zimo ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma, futeni habu hiyo mtazame kama ina jina la Sturmey-Archer, watengenezaji wa gia za ndani. Aina ya AW yenye gia tatu, ambayo ilianza mwaka 1936, kwa miaka mingi iligongwa tarakimu za mwaka na mwezi, kwa hiyo AW 58 7 ni habu ya Julai 1958. Tukumbuke tu kwamba hapo mmejua umri wa gurudumu. Magurudumu hubadilishwa, na katika mji ambao mafundi wetu wamezoea kuunda baiskeli moja kutoka kwa tatu zilizokufa, mwenye pupa atadanganywa na kipuri kimoja kwa urahisi. Fremu ndiyo baiskeli, na vipuri ni mashahidi wake.

Kwa baiskeli za mitumba zinazotua Kilindini na kuishia Kongowea, ambazo nyingi zina vipuri vya Shimano kutoka Japani, kazi ni nyepesi zaidi. Kwenye vipuri vyake vya zamani, nyuma au upande wa ndani, zilitiwa herufi mbili ndogo, ya kwanza kwa mwaka, A ikiwa 1976, B ikiwa 1977 na kuendelea, na ya pili kwa mwezi, A ikiwa Januari hadi L ikiwa Disemba. Kipuri chenye GC kilitengenezwa Machi 1982. Muuzaji ajuaye hili hatauza baiskeli ya mwaka 1982 kama ya mwaka 1960, wala mnunuzi hatapunjwa kwa maneno matamu.

Kwa mafundi, ambao nawaheshimu kwa kuwa bila wao hakuna baiskeli ingekuwa inatembea mjini humu, ninachoomba hakichukui nusu saa. Mteja akikuleteeni baiskeli kuukuu, mpigieni picha nambari ya fremu, nembo na stika kabla ya kugusa chochote. Kama alama ni hafifu, wekeni karatasi juu yake na mpitishe penseli ya risasi kwa ulalo, nazo zitajitokeza. Vipuri mnavyovibadilisha mrudishieni mwenyewe kwenye mfuko badala ya kuvitia kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Na nambari iandikwe daftarini pamoja na jina la mwenye baiskeli, jambo litakalomfaa pia siku ikiibwa na akatakiwa polisi athibitishe kuwa ni yake.

Daftari la namna hiyo nimelinunua mwenyewe. Ukurasa wa kwanza nimeandika nambari ya baiskeli ya ami na vipimo vyake vyote, ukurasa wa pili nimeandika jina la baba na neno "nyekundu" tu, kwa kuwa sina zaidi, na Jumamosi hii nitalipeleka kwa fundi wetu wa Makadara ili kila atakayepita na baiskeli ya mzee wake aandike ya kwake.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa