Salamu za Idd na unga uliofurika

Ndugu zangu, jamaa na marafiki, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwezi umeandama na Ramadhani imetuaga. Nawapa nyote mkono wa Idd, na namwomba Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, zikiwemo zile tulizozifunga huku tumenuna.

Kila Idd inapoangukia masika nakumbuka usiku mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumbani kwetu Unguja. Ilikuwa tarehe 29 ya mfungo. Mama alikuwa ameuroweka mchele tangu asubuhi, akausaga na tui la nazi, hiliki na hamira kwa ajili ya mkate wa kumimina, lakini baada ya Magharibi mbingu zilifunga, mwezi haukuonekana, nasi tukakubaliana kwamba kesho tunafunga. Bakuli likafunikwa kawa, likasahauliwa. Saa nne na nusu usiku redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana kwingine. Tulipokimbilia jikoni tulikuta unga umefurika, umelisukuma kawa pembeni, unachuruzika kutoka mezani hadi sakafuni ukinuka chachu, na makaa ya kupalia mkate yaliyoachwa uani yamelowa chapachapa. Kanzu yangu nayo ilikuwa imetoka kwa fundi jioni ile, mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe.

Mama alisimama mlangoni kidogo, akajifunga kanga vizuri, akaukoroga unga uliobaki na kuutia sukari ili kupunguza ukali. “Mkate umekataa,” alisema, “vibibi havitakataa.” Akawasha jiko la mafuta ya taa, akaanza kuvichoma vibibi, vile vikate vyembamba vya mchele, kimoja kimoja hadi karibu na alfajiri, na mimi nikilala na kuamka kwenye mkeka. Asubuhi mkono wa kanzu ulikunjwa kwa pini, nikaenda Mnazi Mmoja kupanda pembea kama watoto wote.

Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba mama hakuwa akiisubiri Idd nyingine iliyo nadhifu zaidi. Sikukuu yetu yenyewe imejengwa juu ya kutojua: mwezi huwa na siku 29 au 30, na hakuna mpishi wala fundi cherehani ajuaye kwa yakini kama bado anayo siku moja ya kumalizia kazi yake. (Nyumba nyingine hata hufanya Idd mbili, mjomba akila pilau huku shangazi angali amefunga, na maisha yanaendelea.) Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko ule wa jua, Idd huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Mwaka 1991 ilikuja katikati ya Aprili. Januari 1999 ilitukuta kwenye jua la kaskazi. Mwaka 2024 ikarudi tarehe 10 Aprili, na kwa wengi wetu mwaka 2025 ikawa tarehe 31 Machi. Matope ya utoto wangu yamenirudia nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Najua wapo kati yetu waliofiwa katikati ya mfungo, walioshindwa kununua nguo mpya, na walio ugenini ambako leo ni siku ya kazi kama nyingine. Kwenu hasa natuma salamu hizi, na nakuombeni msijifungie ndani kwa sababu mambo hayajakaa sawa. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala. Haingoji mtu atengenekewe kwanza.

Yeyote niliyemkosea, kwa neno au kwa kunyamaza, namwomba anisamehe. Minal aidina wal faizina.

Mlango wetu uko wazi tangu baada ya swala. Mvua ikinyesha, viatu vivuliwe barazani. Mwaka huu unga nimeuumua mwenyewe, na dalili zake si nzuri.